Vitambaa vya Mfarishi wa Vipande: Namna ya Kuvichagua na Kuvioanisha

Mfarishi wa vipande, ambao wengi siku hizi huuita kwilti, una matabaka matatu: uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa mbalimbali, pamba ya katikati inayotia joto, na kitambaa cha mgongo. Mkono hufanya kazi yake wakati wa kushona, lakini jicho hufanya kazi yake mapema zaidi, kabla mkasi haujagusa kitambaa, pale mshonaji anapoamua kitambaa gani kikae karibu na kipi. Mwongozo huu unahusu uamuzi huo.

Mfarishi wangu wa kwanza ulikuwa wa nyota nyekundu juu ya kijani. Kila kitambaa nilikichagua kwa sababu nilikipenda kilipokuwa peke yake: kimoja kilikuwa chekundu cha damu ya mzee, kingine cha kijani cha majani yaliyokomaa. Nilishona nyota 24, nikaupiga pasi uso wote, nikautandaza kitandani, kisha nikarudi nyuma hadi mlangoni ili niufurahie. Sikuona nyota hata moja. Kwa umbali wa hatua tano palikuwa na kitu kimoja kipana cha rangi ya tope, kwa kuwa wekundu wangu na ukijani wangu vilikuwa vimekolea kwa kiasi kilekile, na jicho halikupata pa kushika. Tangu siku hiyo, kabla ya kujiuliza kama kitambaa ni kizuri, hujiuliza kwanza kitakaa karibu na nini.

Anza na wepesi na uzito wa rangi

Rangi ina jina, kama vile nyekundu, buluu au zambarau, na ina kiasi cha mwanga au giza kilichomo ndani yake. Samawati na nili ni ndugu kwa jina, lakini ya kwanza ni nyepesi na ya pili ni nzito. Maumbo ya mfarishi, yawe nyota, miraba au pembetatu, huonekana kwa sababu ya tofauti hiyo ya wepesi na uzito zaidi kuliko kwa sababu ya majina ya rangi. Ndiyo maana mfarishi wa rangi moja tu, kwa mfano buluu tupu kuanzia iliyofifia hadi iliyokolea kabisa, unaweza kuwa na umbo wazi kuliko mfarishi wenye rangi saba zenye uzito sawa.

Chukua vitambaa vyote unavyofikiria kuvitumia, uvigawe katika mafungu matatu: vyepesi, vya wastani na vizito. Utagundua mambo mawili. La kwanza ni kwamba fungu la wastani limefurika, huku la vyepesi likiwa na vitambaa viwili au vitatu tu. Karibu kila mshonaji yuko hivyo, kwa sababu vitambaa vya wastani ndivyo vinavyopendeza vikiwa vimekunjwa kwenye rafu. Vitambaa vyepesi huonekana havina mvuto vikiwa peke yao, lakini ndivyo vinavyowapa wenzao nafasi ya kuonekana, hivyo inabidi uvinunue kwa makusudi. Jambo la pili ni kwamba baadhi ya vitambaa vitakataa kukaa katika fungu moja. Kijivu cha wastani kikiwekwa kando ya nyeupe huonekana kizito, na kilekile kikiwekwa kando ya nili huonekana chepesi. Hilo si kosa lako la kuona. Uzito wa rangi hupimwa kwa kulinganisha na kilicho jirani.

Jicho hudanganywa kwa urahisi na rangi kali, kwa hiyo tumia kipimo. Panga vitambaa sakafuni vikipishana kidogo, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe. Vitambaa viwili vinavyogeuka kuwa kijivu kilekile havitatengana ndani ya mfarishi, hata kama kimoja ni cha kijani na kingine ni chekundu. Kama huna simu karibu, fumba macho nusu na utazame kupitia kope. Rangi hufifia na uzito hubaki. Kuwa mwangalifu hasa na manjano kali, ambayo hupiga kelele hadi mtu akadhani ni nzito, ilhali katika picha hugeuka kuwa karibu nyeupe.

Anayetaka kulizoeza jicho lake vizuri na ashone kwanza bloku chache, yaani miraba iliyoungwa kwa vipande ambayo hupangwa pamoja kuwa uso, za mtindo uitwao kibanda cha magogo. Katikati huwa na mraba mdogo, ambao kwa desturi ya mtindo huo mara nyingi ni mwekundu, na kuuzunguka hushonwa vipande virefu vyembamba, pande mbili zinazokutana zikiwa za rangi nyepesi na mbili zilizobaki zikiwa za rangi nzito. Bloku moja haisemi kitu. Bloku 16 zikipangwa pamoja, kwa kuzizungusha tu, hutoa almasi, mistari ya mshazari au pembe zilizopangana kama mifereji ya shamba, bila kubadilisha kitambaa hata kimoja. Kinachofanya hayo yote ni wepesi na uzito, na ikiwa kitambaa kimoja cha upande mwepesi ni kizito kupita inavyotakiwa, utakiona kikitoboa mstari kama tundu kwenye ukuta.

Kitambaa kiongozi na majirani zake

Ukishauelewa uzito, rangi zenyewe hazitishi. Njia rahisi kwa anayeanza ni kuchagua kitambaa kimoja chenye picha au maua ya rangi nyingi, ambacho nitakiita kitambaa kiongozi, kisha kutafuta vingine kwa kukitazama hicho. Aliyekibuni kitambaa hicho tayari ameshaifanya kazi ya kuoanisha rangi, na mara nyingi ameiacha wazi: angalia ukingo wa jora, pale panapochapwa jina la kiwanda, na utaona mstari wa vidoa vidogo vya mviringo, kila kimoja kikiwa rangi moja iliyotumika kuchapa kitambaa hicho. Vidoa hivyo ni orodha ya rangi iliyo tayari. Usiukate ukingo huo na kuutupa kabla hujamaliza ununuzi. Kata kipande cha urefu wa kiganja ukibebe.

Hata hivyo, usitafute vitambaa vinavyolingana na vidoa hivyo kwa usahihi wa kupindukia. Rangi zikilingana mno, mfarishi hufanana na sare. Ikiwa kidoa ni cha buluu, chukua buluu moja iliyo nzito kidogo kuliko hicho, na nyingine iliyo nyepesi na inayoelekea kijani. Rangi isiyolingana kabisa na wenzake huupa uso uhai, mradi isiwe moja peke yake, kwa sababu kitambaa cha ajabu kinachojitokeza mahali pamoja tu huonekana kama kosa, na kikijitokeza mahali patano huonekana kuwa ni nia ya mshonaji.

Duara la rangi, yaani mchoro unaozipanga rangi kwa mzunguko, husaidia hapa. Rangi zinazofuatana katika duara, kama buluu, buluu-kijani na kijani, hukaa kwa utulivu. Rangi zinazotazamana, kama buluu na chungwa au zambarau na manjano, hushtuana na kila moja huifanya nyingine iwe kali zaidi. Mfarishi wenye utulivu mtupu huchosha, na wenye mshtuko mtupu huumiza macho. Mimi hupendelea kuchagua familia moja ya rangi zinazofuatana, kisha kutia cheche ya rangi inayozitazama kutoka upande wa pili, kwa kiasi kidogo sana, labda kipande kimoja katika kila ishirini. Katika mfarishi wa buluu na kijani, chungwa kidogo kinatosha kuamsha uso mzima. Ukiona cheche hiyo inaonekana kabla ya kitu kingine chochote, imezidi.

Kuna jambo moja kuhusu ujirani wa rangi ambalo lilichunguzwa zamani na mtu wa vitambaa. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alipewa mwaka 1824 usimamizi wa rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, jijini Paris, na miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, hasa zilipofumwa pamoja na buluu na urujuani. Alizipima nyuzi hizo akakuta dawa ya rangi haina tatizo. Weusi ulififia machoni kwa sababu ya rangi zilizokaa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo yake kuhusu namna rangi mbili zilizo karibu zinavyobadilishana mwonekano, na mshonaji wa vipande anaishi ndani ya kanuni hiyo kila siku. Kijivu kikizungukwa na nyekundu huanza kuelekea kijani. Kikizungukwa na buluu huelekea chungwa. Kwa hiyo usihukumu kipande cha sampuli ukiwa umekishika peke yake mkononi. Kiweke juu ya kitambaa kitakachokizunguka, kisha uamue.

Weupe unastahili onyo lake. Nyeupe safi na nyeupe inayoelekea manjano, zikikutana katika mfarishi mmoja, mara nyingi humfanya mtazamaji adhani ile ya pili imechafuka. Ama tumia weupe wa aina moja, ama changanya aina nyingi, nne au tano, ili tofauti ionekane kuwa imekusudiwa. Vilevile, angalia vitambaa vyote chini ya mwanga wa mchana kabla ya kulipa. Vitambaa viwili vinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya ndani na kutengana ukivitoa nje, kwa kuwa dawa tofauti za rangi huakisi mwanga kwa namna tofauti. Sogea hadi dirishani au mlangoni, hata kama muuzaji atakushangaa.

Maua, mistari, na tundu kwenye karatasi

Ukubwa wa michoro ya kitambaa ndio unaowaangusha wengi, kwa sababu kitambaa hununuliwa kikiwa kipana na hutumiwa kikiwa kidogo. Ua lenye upana wa sentimita 20 hupendeza dukani, lakini ukikata miraba ya sentimita 10, kipande kimoja kitapata nusu ya petali, kingine kitapata jani, na cha tatu kitapata mandhari tupu. Vipande hivyo havitaonekana kuwa vimetoka katika kitambaa kimoja.

Kuna kifaa cha bure cha kuliona hilo mapema. Chukua karatasi ngumu nyeupe, ukate katikati yake tundu lenye umbo na ukubwa wa kipande kitakavyokuwa baada ya kushonwa. Iweke karatasi juu ya kitambaa na uisogeze polepole, kama mtu anayetafuta kituo cha redio. Yale unayoyaona ndani ya tundu ndiyo yatakayokuwa ndani ya mfarishi. Nimewahi kuacha kununua kitambaa nilichokitamani kwa sababu tundu lilionyesha mandhari tupu mara saba kati ya kumi, na nimewahi kununua kitambaa kibaya, chenye ndege wakubwa waliochorwa ovyo, kwa sababu ndani ya tundu manyoya yao yaligeuka kuwa mistari mizuri ya kahawia na dhahabu.

Changanya ukubwa wa michoro. Vitambaa vyote vikiwa na maua madogo, uso hugeuka kuwa vumbi. Vyote vikiwa na maua makubwa, umbo la bloku humezwa. Mchoro mmoja mkubwa, miwili au mitatu ya wastani, na kadhaa midogo inayosomeka kwa mbali kama rangi tupu huelewana vizuri. Pia changanya aina za michoro: maua yanahitaji kitu kilichonyooka kando yake, kama drafti, madoadoa au mistari. Mistari ina faida ya kulielekeza jicho, lakini ina adhabu yake pia, kwani ikikatwa ikiwa imepinda hata kidogo, kila mtu huona. Kitambaa chenye mchoro wenye kichwa na miguu, kama vile miti au wanyama, hakifai kwa bloku zinazozungushwa, isipokuwa kama hujali nusu ya wanyama hao wakisimama kwa vichwa.

Usiogope kitambaa cha rangi tupu kisicho na mchoro wowote. Wanawake wa Kiamishi, jamii ya Kikristo yenye maisha ya kale, wa eneo la Lancaster, Pennsylvania, nchini Marekani, walisifika kwa mifarishi iliyoungwa kwa vitambaa vitupu vya sufu, vyenye maumbo makubwa na rangi zilizokolea, bila ua hata moja, na nguvu ya kazi zao inatokana na ujirani wa rangi peke yake. Katika mfarishi wenye michoro mingi, vitambaa vitupu hulipa jicho mahali pa kupumzika. Ikiwa unahisi uso una fujo na hujui cha kuondoa, badilisha robo ya vipande iwe mitupu kabla ya kubadilisha chochote kingine.

Kitambaa chenyewe mkononi

Kwa mfarishi utakaotumiwa na kufuliwa, pamba tupu iliyofumwa kawaida, yenye unene wa wastani, ndiyo inayotii. Hukunjika kwa pasi na kubaki ilivyokunjwa, haitelezi chini ya cherehani, na huzeeka kwa upole. Kama huna hakika kitambaa ni pamba, chomoa nyuzi chache, uzishike kwa kibano juu ya sahani ya chuma, na uziwashe mbali na kitu chochote kinachoshika moto. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi iliyoungua, na huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Mchanganyiko wa pamba na poliesta unaweza kutumika, ila hukataa kukunjwa vizuri kwa pasi. Shuka za kitandani zilizofumwa kwa nyuzi nyingi zilizobanana hufaa kwa cherehani, lakini anayeshikiza matabaka kwa mkono atajuta, kwa kuwa sindano hupita kwa shida.

Jambo muhimu kuliko aina ni ulinganifu. Vitambaa vinavyokaa bega kwa bega viwe na unene na nguvu zinazokaribiana, kwa maana kitambaa kizito hukivuta chepesi, na kipya chenye nguvu hukirarua cha zamani kwenye mshono. Hili halizuii kutumia nguo kuukuu. Wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, waliunga mifarishi yao kwa nguo za kazi zilizochakaa, zikiwemo suruali za jinzi zenye alama za mifuko iliyobanduliwa, na mwaka 2002 kazi hizo zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston. Weusi mpevu uliobaki chini ya mfuko, ukizungukwa na buluu iliyopauka kwa jua na kufuliwa, ni rangi ambayo hakuna jora linaloweza kukuuzia. Ukitumia nguo za zamani, inua kila kipande dhidi ya mwanga na uache sehemu zilizokonda: viwiko, magoti, kola, na makalio ya suruali. Jinzi iungwe na jinzi au na kitambaa kingine kizito, kwa sindano namba 100/16. Pamba ya kawaida hutosheka na namba 80/12. Fulana zinazonyumbuka zibandikwe kwanza kitambaa chepesi cha gundi kwa pasi upande wa nyuma, la sivyo zitajikunja na kuvuta majirani.

Hariri, atlasi na mahameli viachie mfarishi wa kutazamwa, usiofuliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa mtindo Marekani na Uingereza kuunga vipande vya hariri na mahameli visivyo na umbo maalumu, vikitariziwa kila ukingo. Mingi ya mifarishi hiyo leo inachanika yenyewe ndani ya makabati, kwa kuwa hariri ya wakati huo ilitiwa chumvi za madini ili iwe nzito, na chumvi hizo zinaila. Mahameli, kwa upande wake, yana manyoya yanayolalia upande mmoja, hivyo kipande kilichogeuzwa huonekana kuwa rangi nyingine.

Angalia pia uelekeo wa nyuzi. Nyuzi za mtande, zinazokwenda sambamba na ukingo wa jora, hazinyumbuki sana. Za mshindio, zinazoukatiza mtande, hunyumbuka kidogo. Na mshazari hunyumbuka kama mpira. Kingo za nje za kila bloku zifuate mtande au mshindio, na mshazari ufichwe ndani, mahali utakaposhikwa na mishono mingine.

Kufua kabla ya kukata

Washonaji wanabishana kuhusu hili, nami niko upande wa wanaofua. Pamba inaweza kupungua kwa asilimia 3 hadi 5 inapofuliwa mara ya kwanza, na ikiwa kitambaa kimoja kitapungua na jirani yake hakitapungua, mshono utajikunja. Kubwa zaidi ni rangi inayochuja. Lowesha kona ya kila kitambaa chenye rangi nzito, hasa nyekundu, nili na zambarau, uikandamize kwa pasi ya moto juu ya kipande cheupe, na utazame kama kipande hicho kimetiwa doa. Kikitia doa, kifue peke yake kwa maji ya moto na sabuni mara nyingi hadi maji yatoke safi; kikiendelea kuchuja baada ya mara tano, kitafutie kazi nyingine. Ushauri wa kuloweka kwenye siki au chumvi ili kuishika rangi hupita kwa mdomo kutoka kizazi hadi kizazi, lakini vitu hivyo haviishiki rangi ya vitambaa vya pamba vinavyotoka kiwandani vikiwa vimekwisha kutiwa rangi.

Kiasi cha kununua

Hesabu huanzia kwenye kipande kimoja. Ukitaka mraba wa sentimita 10 uliokamilika na unaacha sentimita 0.75 za mshono kila upande, utakata sentimita 11.5. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 utahitaji miraba 15 kwa 20, yaani 300. Jora la kawaida la pamba ya kushonea vipande lina upana unaotumika wa takriban sentimita 105, hivyo safu moja inatoa miraba 9. Ukitumia vitambaa kumi, kila kimoja kitatoa miraba 30, ambayo ni safu nne, yaani sentimita 46. Nusu mita ya kila kitambaa inatosha, lakini kwa shida kama utaifua kwanza. Sentimita 60 zinakupa nafasi ya kukosea. Kitambaa kiongozi kiongeze zaidi, kwa kuwa ndicho utakachotaka kuchagua sehemu zake kwa lile tundu la karatasi, na uchaguzi hupoteza kitambaa.

Mgongo uzidi uso kwa sentimita 10 kila upande, kwa sababu matabaka husogea wakati wa kupiga bandi na kushikiza. Kwa mfarishi huo, utahitaji mapana mawili ya jora yaliyoungwa, kila moja likiwa na urefu wa sentimita 220, jumla mita 4.4, na chochote utakachoongeza kwa ajili ya kupungua. Ukanda wa pindo, wenye upana wa sentimita 6.5 kabla ya kukunjwa mara mbili, utahitaji vipande 8 vya upana mzima wa jora, yaani sentimita 52 za kitambaa. Pindo zito huufunga mfarishi kama fremu. Pindo la rangi ya kingo huyeyuka. Mimi huchagua pindo mwisho kabisa, uso ukiwa tayari, kwa sababu mara nyingi rangi niliyoidhania mwanzoni huwa siyo.

Usisahau pamba ya katikati katika uchaguzi wa rangi. Chini ya kitambaa chepesi, pamba nyeupe hukiacha king'ae, na yenye rangi ya asili hukififisha. Nyuzi za pamba nyeupe pia huweza kujipenyeza juu ya kitambaa cheusi kama unyoya, kwa hiyo mfarishi wa rangi nzito tupu unastahili pamba ya kijivu au nyeusi. Na pale kitambaa chepesi kinapoungwa na kizito, lazia pindo la mshono upande wa kizito, kwani likilala upande mwepesi litaonekana kama kivuli kutoka juu.

Kupanga kabla ya kushona

Tandaza vipande vyote sakafuni, au vibandike kwenye blanketi la manyoya mafupi lililotundikwa ukutani, ambalo hushika pamba bila pini. Anza kwa kusambaza vile vyenye nguvu zaidi: rangi nzito kabisa, nyepesi kabisa, na zile cheche, ukihakikisha hazijikusanyi kona moja. Kisha jaza vya wastani katikati yao. Vipande viwili vya kitambaa kimoja visigusane isipokuwa umekusudia, kwa sababu machoni vitakuwa kipande kimoja kikubwa.

Ukimaliza, ondoka chumbani. Rudi baada ya saa kadhaa, au kesho yake kama unaweza kuwazuia watoto na paka, na utazame kutoka mlangoni. Jicho litakwenda mahali fulani kwanza. Jiulize kama ndipo ulipotaka liende. Kama kuna tundu jeusi au doa linalong'aa mahali pasipostahili, badilisha vipande viwili tu, si zaidi, na upige picha nyingine nyeusi na nyeupe ulinganishe na ya kwanza. Ukibadilisha vingi kwa wakati mmoja hutajua kipi kiliponya na kipi kiliharibu.

Uso ukishakubali, okota vipande safu kwa safu kuanzia kushoto, uvirundike kwa mpangilio huohuo, cha kwanza kikiwa juu, na uchome pini yenye kikaratasi cha namba ya safu kwenye kona ya juu kushoto ya kipande cha kwanza. Pini hiyo usiitoe hata wakati wa kushona. Ndiyo itakayokuambia upande upi ni juu pindi safu itakapogeuka mikononi mwako chini ya cherehani.